Nani Aliamua? Akili Mnemba, Utafiti na Ukimya wa Seneti

Nina swali kwa wanataaluma wenzangu, na najua litawaudhi baadhi yao. Ni siku gani, katika kikao kipi, chuo chako kiliamua kwamba sauti ya mama aliyehojiwa kijijini kuhusu ugonjwa wa mwanawe inaweza kupelekwa kwenye mashine ya kampuni ya kigeni ili igeuzwe kuwa maandishi? Itafute kumbukumbu ya kikao hicho. Katika vyuo ninavyovifahamu, haipo. Hata hivyo kazi yenyewe inafanyika. Wanafunzi wa uzamili wanaifanya usiku kwenye kompyuta zao, wasaidizi wa utafiti wanaifanya kwa sababu malipo ni madogo na muda umebana, na wako maprofesa wanaoifanya huku wakiwaonya wanafunzi wao wasiifanye.

Huo nao ni uamuzi, ila hauna mwenyewe. Haukujadiliwa wala kuandikwa popote, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. Baada ya miezi kadhaa huja waraka. Huitwa mwongozo wa matumizi ya akili mnemba, na ndani yake maneno kama ubunifu, uwajibikaji na mageuzi ya kidijitali yamepangwa vizuri kama vikombe vya kabati la sebuleni ambavyo hakuna anayevinywea. Waraka huo hauamui kitu. Unabariki yaliyokwisha kutokea.

Nashikilia kwamba chuo kikuu hakina sababu ya maana ya kuikubali akili mnemba kwa jumla, wala ya kuikataa kwa jumla. Kina wajibu wa kuamua kazi moja moja ya utafiti, baada ya kuijaribu mashine kwa data zake chenyewe, katika kikao ambamo watakaobeba hasara wana sauti, na kwa namna ambayo chuo kinaweza kuacha kesho kile kilichokikubali leo. Tusipofanya hivyo, tunauachia utafiti wetu uongozwe na mazoea na kitengo cha ununuzi.

Sehemu ya tatizo imo katika jina. Watanzania tunaiita akili mnemba, wenzetu wa Kenya huiita akili unde, na kila moja ya majina hayo linatufanya tudhani tunazungumzia kitu kimoja. Programu inayohesabu nyumbu katika picha, programu inayosoma eksirei ya kifua, programu inayonukuu mahojiano na programu inayomwandikia mtu sura ya pili ya tasnifu ni vitu vinne, na kila kimoja hukosea kwa namna yake. Anayesema "tusiachwe nyuma" na anayesema "ipigwe marufuku" wamekubaliana pasipo kujua: wote wawili wamekwepa kuuliza ni kazi ipi.

Nianze na kazi iliyofanywa vizuri, tena katika ardhi yetu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti watafiti walitega kamera zinazojifyatua zenyewe mnyama anapopita. Picha zilifika milioni 3.2. Maelfu ya watu wa kujitolea walizitazama mtandaoni moja baada ya nyingine na kuandika walichokiona: huyu nyumbu, huyu fisi, hawa pundamilia watatu wanakula. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya kuifundisha mashine kazi hiyo kwa kutumia majibu ya watu hao. Mashine iliwatambua wanyama kwa usahihi unaozidi asilimia 93.8. Watafiti hawakuishia hapo. Waliiruhusu mashine ijibu pale tu ilipokuwa na uhakika, na picha nyingine zirudi kwa binadamu. Kwa sharti hilo iliweza kubeba asilimia 99.3 ya picha kwa usahihi wa asilimia 96.6, ambao ni ule ule wa watu wa kujitolea, na kuokoa zaidi ya saa 17,000 za kazi.

Tuangalie kilichouwezesha uamuzi huo. Majibu sahihi yalikuwepo kabla ya mashine. Makosa ya binadamu yalikuwa yamepimwa, kwa hiyo makosa ya mashine yalikuwa na cha kulinganishwa nacho. Mpaka uliwekwa kati ya kazi inayoachiwa mashine na kazi isiyoachiwa. Tena mashine ikimwita kongoni nyumbu, hakuna familia inayoaibika wala mgonjwa anayepewa dawa isiyo yake. Kwa kazi hiyo, nikitakiwa kupiga kura, naikubali mashine. Hata katika tiba upo mfano wa tahadhari ya namna hiyo: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kusoma eksirei za kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, lakini pamoja na pendekezo hilo wakatolewa utaratibu wa kila mahali kupima na kujipangia kiwango ambacho mtu akikifikia atahesabiwa kuwa mshukiwa. Programu ni moja, ila kiwango cha Dodoma hakiazimwi kutoka Manila.

Sasa tuitazame kazi niliyoanza nayo, ya mahojiano. Hapa ndipo ninapotaka tukae kwa muda.

Miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo waliwasikiliza wazazi wakisimulia ugonjwa uitwao degedege. Mtoto hupata homa kali, hukakamaa, hutetemeka, macho yakapinduka. Daktari akisikia maelezo hayo hufikiria malaria kali. Wazazi wengi hawakufikiri hivyo. Kwao malaria ilikuwa homa ya kupelekwa hospitali, na degedege ulikuwa ugonjwa mwingine wenye asili yake na waganga wake, na mtoto alianza kutibiwa huko. Thamani yote ya utafiti ule, na maisha ya watoto yaliyoutegemea, ilikaa katika pengo lililo kati ya maneno hayo mawili. Fikiria sasa mahojiano hayo yakipitishwa kwenye mashine ya kunukuu na kutafsiri, ikakutana na neno degedege, na kwa ule wema wake wa kutaka kila sentensi isomeke ikaandika neno la Kiingereza la malaria. Hakuna kengele itakayolia. Maandishi yatatoka safi, yenye aya na nukta, na ugunduzi utakuwa umezikwa humo ndani bila hata alama ya kaburi.

Mifano ya namna hii haihitaji kutafutwa mbali. Kijana wa Dar es Salaam akisema rafiki yake ana ngoma, au amekanyaga miwaya, anazungumzia virusi vya UKIMWI. Tafsiri ya neno kwa neno itampa msomaji wa Kiingereza utafiti wa muziki, au wa TANESCO. Mama akisema uchungu ulimwanza saa nane usiku, ana maana ya saa ambayo Waingereza huiita ya pili baada ya usiku wa manane wao. Mashine iliyolelewa kwa Kiingereza ikiandika nane ya usiku, imemwongezea saa sita za uchungu ambazo hakuzipata. Na kama utafiti unahusu ucheleweshaji wa huduma kwa wajawazito, saa hizo sita ndizo utafiti wenyewe.

Atanijibu mtu kwamba mashine zinaboreka kila mwezi. Ni kweli, zinaboreka. Swali langu ni zimepimwa wapi. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya Whisper, programu ya kunukuu sauti ya kampuni ya OpenAI, wakitumia rekodi za Kiingereza, lugha ambayo mashine hizi zimelishwa kuliko zote. Takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti vilitoka na virai au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezitamka. Karibu asilimia 38 ya uzushi huo ulikuwa wa kudhuru, kwa mfano maneno ya ukatili yaliyopachikwa kinywani mwa mtu ambaye hakuyasema. Walioathirika zaidi ni wale wenye matatizo ya usemi, ambao hunyamaza katikati ya maneno. Asilimia 1 ni ndogo kwa anayeuza programu. Kwa mtafiti ambaye hajui ni sentensi zipi zilizozushwa, asilimia hiyo imeyatia shaka mahojiano yote.

Hicho ni Kiingereza. Kwa upande wetu, sehemu kubwa ya data za sauti za Kiswahili zilizo wazi, zikiwemo zile za mradi wa Common Voice wa Mozilla, ni za watu wanaosoma sentensi zilizokwisha kuandikwa. Ni kazi njema, na wapo vijana wa Kenya na Tanzania waliojitolea sauti zao, nawapongeza. Lakini bibi wa Shinyanga anayeanza sentensi kwa Kiswahili, akaikata kwa Kisukuma, akacheka, akamkaripia mjukuu, kisha akarudi kwenye hoja, hasomi kutoka kwenye karatasi. Mtafiti mwenye haraka atagundua upesi kwamba rekodi ya bibi huyo inarudi ikiwa matope matupu na ya mwalimu wa shule ya msingi inarudi ikiwa safi. Safari ijayo atawahoji walimu. Hakuna mwongozo utakaomwambia afanye hivyo, na hakuna mwongozo utakaomzuia. Chombo kitakuwa kimemchagulia watu wa kuwasikiliza, na miaka kumi baadaye tutakuwa na maktaba nzima ya tafiti kuhusu wanakijiji ambamo mnazungumza walimu peke yao.

Liko na jambo la wasaidizi wa utafiti, ambalo sijaliona katika mwongozo wowote niliousoma. Katika vyuo vyetu kunukuu mahojiano ni kibarua cha wanafunzi wa uzamili. Kinawalipia chumba na chakula, jambo ambalo si dogo. Zaidi ya hayo, ndipo wanapojifunza kazi. Mtu anayeirudia dakika moja ya sauti mara nne ili akamate neno lililomezwa hujifunza kusikia kusitasita, kejeli, woga, na pale ambapo mhojiwa alibadilisha mada mume wake alipoingia. Mtaalamu wa mahojiano hapatikani kwa njia nyingine. Ukiiondoa ngazi hiyo kwa sababu ya kuokoa wiki tatu za mradi, sema ni wapi utakapowapata watafiti wa mwaka 2040, na ni nani atakayekuwa na uwezo wa kuisahihisha mashine inapokosea. Huenda jibu lipo. Lakini vijana hao waulizwe kabla, kwa kuwa hadi sasa wao ndio wanaopoteza na hakuna aliyewaita kikaoni.

Tuje kwenye ridhaa. Kila mtafiti wa watu humpa mhojiwa fomu, au humsomea asiyejua kusoma, na fomu hiyo humwahidi kwamba maelezo yake yatakuwa siri na yatatumiwa kwa utafiti huu tu. Mhojiwa huweka dole gumba. Kisha sauti yake, yenye jina la mtaa wake, la mumewe na la zahanati anayochukulia dawa, hupakiwa kwenye seva zilizo nchi nyingine chini ya masharti ambayo mtafiti ameyakubali kwa kubofya pasipo kuyasoma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sheria hiyo imeweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Chuo kinachomwachia mtafiti chipukizi peke yake apambane na sheria hizo, huku chenyewe kikijivunia kuwa cha kidijitali, kinamtupia mzigo wa kisheria mtu asiye na wakili. Kamati za maadili zinaweza kuuliza swali hili kesho asubuhi. Zinauliza kuhusu sabuni na soda za kuwapa washiriki, zinauliza kuhusu nauli zao, na ni sawa ziulize. Ziulize pia sauti itakwenda wapi.

Nimekuwa mkali kwa wenye haraka, na sasa niwageukie wenye marufuku. Msimamo wao una sura ya uadilifu, lakini katika utekelezaji umekuwa uwindaji. Chuo hununua programu ya kugundua maandishi ya mashine, kisha alama yake hugeuzwa kuwa hukumu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha za mtihani wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, insha zaidi ya asilimia 61 zilidaiwa kuwa zimeandikwa na mashine, ilhali zilikuwa za binadamu. Insha za wanafunzi wa Marekani zilipita karibu zote salama. Mwaka huo huo, mwezi Julai, OpenAI waliiondoa programu yao wenyewe ya kugundua kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo, na mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Vanderbilt kikazima kigunduzi cha Turnitin. Sisi ambao karibu kila mwanafunzi wetu anaandika Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu, kwa sentensi fupi za tahadhari alizofundishwa sekondari, ndio tuliopaswa kuzima kwanza. Mwanafunzi wa Kigoma asishtakiwe kwa udanganyifu kwa kuwa anaandika Kiingereza cha kitabuni.

Tena wenye marufuku hawasemi ukweli kuhusu chanzo cha tamaa. Mhadhiri anayefundisha darasa la mamia, anayesahihisha mitihani hadi alfajiri na kusimamia tasnifu zaidi ya anazoweza kuzisoma, hupandishwa cheo kwa hesabu ya makala. Mashine inayotoa makala itapokewa na mtu huyo kwa furaha, hata ukimbandikia marufuku mlangoni. Mimi siwezi kumwelewa kiongozi wa chuo anayezungumzia maadili ya akili mnemba asubuhi na mchana akawasomea wakuu wa idara orodha ya waliochapisha kidogo. Kama chuo kinataka kweli kuamua juu ya mashine katika utafiti, kianze na kanuni zake za kupandisha vyeo. Kipunguze idadi inayotakiwa, kisome kilichoandikwa, na hapo kitashangaa jinsi hamu ya mashine itakavyoshuka bila tishio lolote.

Yapo matumizi ninayoyatetea. Mtafiti anayefikiri vizuri kwa Kiswahili na anayelazimika kuchapisha kwa Kiingereza akiitumia mashine kunyoosha sarufi yake, anajipunguzia ushuru ambao mwenzake wa London halipi. Sioni kosa. Majarida ya Nature na Science, tangu Januari 2023, yalikataa mashine kuorodheshwa kama mwandishi, na nakubaliana nayo kwa sababu ya kawaida kabisa: mwandishi ni mtu anayeweza kuitwa na kuulizwa. (Ushuru wenyewe ungeweza kufutwa kwa njia nyingine, ya kuipa makala iliyochapishwa kwa Kiswahili hadhi ile ile wakati wa kupanda cheo. Lakini hilo nimelisema mara nyingi humu hadi naona haya kulirudia.)

Kuna suala la zawadi, na hapa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanisikilize kwa makini. Kampuni huja na leseni za bure kwa mwaka mmoja, warsha ya siku mbili hotelini, fulana na picha ya pamoja. Tumeshaiona sinema hii. Google walivipa vyuo vya dunia nafasi ya kuhifadhi data isiyo na kikomo, vyuo vikahamisha barua pepe na kumbukumbu zao, kisha Februari 2021 wakatangaza kwamba kuanzia Julai 2022 chuo kizima kitagawana terabaiti 100. Januari 2011 wachapishaji kadhaa wakubwa waliyaondoa majarida zaidi ya 2,500 kutoka kwa watafiti wa Bangladesh waliokuwa wakiyasoma bure kupitia mpango wa HINARI. Kelele zilipopigwa, baadhi yao waliyarudisha. Hakuna aliyevunja sheria katika visa hivyo viwili. Aliyetoa alichukua, na aliyepokea hakuwa amejiandaa. Kabla ya kutia saini, chuo kiulize tu: siku bei ikipanda, au masharti yakibadilika, tutachukua muda gani kuhama, na data zetu zitatoka katika hali gani? Asiyeweza kujibu asitie saini, hata kama fulana ni nzuri.

Wala tusidanganywe kwamba sisi ni wageni kwenye karamu hii na tunapaswa kushukuru kwa kualikwa. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi wafanyakazi wa Nairobi walivyolipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu kabisa, ya ubakaji wa watoto na mateso, ili ChatGPT ijifunze kutoyatoa. Afrika Mashariki ilikuwemo katika ujenzi wa mashine hizi, upande wa jikoni.

Basi nani aamue, na kwa utaratibu gani? Vyuo vyetu viliwahi kubishana. Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kiliitisha mkutano kujadili nafasi yake katika Tanzania ya kijamaa. Sisemi ulikuwa wakati wa dhahabu. Miezi michache kabla ya hapo wanafunzi zaidi ya 300 walikuwa wamefukuzwa kwa kuandamana dhidi ya utaratibu wa Jeshi la Kujenga Taifa, na kila aliyeingia ukumbini alijua gharama ya kusema. Lakini swali la chuo kinafundisha nini na kwa ajili ya nani lilitamkwa hadharani, hoja zikagongana, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Leo swali la uzito huo huo linashughulikiwa na kamati ya zabuni.

Ninachopendekeza ni kidogo na kinachosha, ndiyo maana hakitapata wafadhili. Idara inayotaka kutumia mashine kunukuu mahojiano ichukue rekodi zake ishirini za zamani, zilizokwisha kunukuliwa na watu, za wazee na vijana, za Kiswahili cha mjini na cha kuchanganya. Izifute utambulisho, iwaombe ridhaa upya wale wanaopatikana, na izipitishe kwenye programu ambayo data haitoki nje ya kompyuta za chuo, kwa maana zipo programu za aina hiyo na Whisper yenyewe inaweza kuendeshwa hivyo. Kisha wasaidizi walioinukuu kazi ya kwanza wakae na kuandika mashine ilikosea wapi na kwa nani. Matokeo yachapishwe, mabaya kwa mazuri, yasomwe mbele ya jumuiya ya wanataaluma na serikali ya wanafunzi kabla hayajafika Seneti. Seneti iamue juu ya kazi hiyo tu, kwa mwaka mmoja, na kumbukumbu iandike majina ya waliounga mkono na waliopinga. Idara ya ikolojia itafika kwa jibu lake, ya fasihi kwa jibu lake, na ya afya ya jamii huenda ikakataa leo ikakubali mwaka kesho. Kutofautiana huko kutamuudhi anayetaka sera moja ya kurasa chache aipeleke wizarani. Avumilie.

Najua nitaambiwa ni polepole mno, na kwamba wakati tunajaribu rekodi ishirini wenzetu watakuwa wamechapisha makala mia mbili. Watakuwa wamechapisha, ndiyo. Na katika baadhi ya makala hizo mtoto mwenye degedege atakuwa ameandikwa malaria, na mtunga sera atazisoma na kununua dawa na mabango ya kuwaelimisha wazazi juu ya ugonjwa ambao hawakuwa wakiuzungumzia.

Sehemu moja haihitaji kusubiri majaribio wala Seneti. Mwenyekiti wa kamati ya maadili anaweza kuiongeza kwenye fomu ya ridhaa wiki hii, kwa Kiswahili ambacho mama wa Bagamoyo atakielewa: "Sauti yako tutaipeleka kwa kampuni iliyo nje ya nchi. Mashine ya kampuni hiyo ndiyo itakayoandika maneno yako, na huenda ikaandika usiyoyasema. Hatujui watakaa na sauti yako kwa muda gani. Unakubali?" Isomwe hivyo, kwa sauti, mbele yake, na mtafiti ahesabu waliosema ndiyo na waliosema hapana. Hesabu hiyo irudishwe kwenye kamati kabla haijatoa kibali kingine.